Renae, wakili anayewauliza washtakiwa walikuwa wanawaza nini

Jumatatu asubuhi, na korido ya mahakama ya Kaunti ya Tamarack inanuka kahawa na buti zilizoloa. Theluji ya jana inayeyukia kwenye mazulia ya mlangoni. Watu waliokuja kusikiliza kesi zao wameketi wakiegemea ukuta, koti mapajani, kila mmoja akiikodolea macho simu yake ili asimtazame jirani.

Renae Haugstad anapita katikati yao, mafaili kifuani, akiita majina kwa sauti ya chini. Hapendi jina la mtu lisikike mpaka mwisho wa korido.

Wa kwanza ni Brody Lindahl, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyegombana na shemeji yake kwenye sherehe ya ubatizo. Karatasi ya mashtaka ameikunja mpaka imekuwa ndogo kama tiketi.

"Shambulio la daraja la tano!" ananong'ona. "Mama, mimi nilimsukuma tu. Nimefanya nini cha kufika mpaka la tano?"

"Unadhani la tano ndilo kubwa?"

"Si ndiyo? Kimbunga cha daraja la tano si kinang'oa nyumba?"

"Sheria yetu inahesabu kinyume. La kwanza ndilo la kutisha. La tano ndilo dogo kuliko yote. Chini ya hapo kuna kununiana tu."

Brody anashusha pumzi ndefu, mabega yanateremka. Anasema hajapata usingizi tangu Alhamisi.

"Sasa nieleze," Renae anamwambia, akikaa karibu yake kwenye benchi. "Ulipomsukuma, ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nawaza ataiangukia keki."

Renae anajitahidi asicheke, anashindwa. "Haya. Anza mwanzo, polepole. Nani alikuwa amesimama wapi?"

Hiyo ndiyo kazi yake. Renae, mwenye umri wa miaka 58, ni wakili wa utetezi anayelipwa na jimbo la Minnesota. Mtu asiye na uwezo wa kuweka wakili, mahakama humpa yeye. Anahudumia kaunti tatu za kaskazini-magharibi, na siku mwandishi wa makala haya alipomtembelea mjini Nordby alikuwa na mafaili 140 yaliyo wazi.

"Watu wanafikiri kazi yangu ni kusimama na kubisha," anasema. "Kubisha ni kidogo sana. Kazi kubwa ni kukaa na mtu mpaka aelewe ameshtakiwa kwa nini. Anafungua karatasi, anaona pale juu: Jimbo la Minnesota dhidi yake. Anajiona kazingirwa na watu milioni tano na ushee. Baada ya hapo hata kusoma hawezi."

Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, si mbali na Nordby. Hakuanzia kwenye uwakili. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mwandishi wa kumbukumbu katika mahakama hiyo hiyo, akikaa mbele ya meza ya jaji na kimashine chake, akichapa kila neno linalosemwa.

"Nilikuwa nachapa 'ndiyo' kutwa nzima," anakumbuka. "Unaelewa haki zako? Ndiyo. Kuna mtu amekutisha ili ukiri? Ndiyo. Jaji anainua kichwa. Umesema ndiyo? Hapana, hapana, nilitaka kusema hapana! Na mimi nachapa tu. Nikawa najiuliza, huyu ameelewa hata swali moja?"

Alipofikisha miaka 39 akaomba nafasi ya kusoma sheria ng'ambo ya mto, Dakota Kaskazini. Mumewe, Gaylen, fundi wa matrekta, alishika jiko kwa muda wote wa masomo.

"Alikuwa anajua kupika kitu kimoja," Renae anasema. "Viazi, nyama ya kusaga na supu ya uyoga ya kopo, anatia kwenye oveni. Kwa miaka mitatu. Mpaka leo nikiliona lile bakuli nakumbuka mitihani."

Mshahara wake hataki kuutaja. Anakubali tu kwamba ni mdogo kuliko wanaoupata wenzake wenye ofisi zao binafsi, na kwamba sehemu kubwa huishia kwenye matairi ya theluji. Ofisi yake ilijengwa kwa ajili ya mawakili wawili. Kiti cha pili kimekaa kitupu zaidi ya mwaka na nusu.

Ukimuuliza kesi iliyomfundisha kazi hii, hatafuti mbali. Ni ya mzee Duane Klimek, na anaisimulia kwa ruhusa ya mwenyewe.

"Iandikeni," Duane alimwambia mwandishi kwa simu. "Ila msiniite shujaa, na msitaje umri wa mke wangu."

Ilikuwa Januari ya mwaka jana. Mvua ya barafu ilinyesha tangu asubuhi, na kufikia mchana nguzo za umeme zilikuwa zimelala kando ya barabara. Duane, mwenye miaka 73, ni mkulima mstaafu wa bitiruti za sukari, na kwa wakati huo alikuwa dereva wa basi la shule. Mkewe, Bernadine, ana ugonjwa wa mapafu na hupumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni inayotumia umeme.

Umeme ulipokatika, Duane alimfungia mkewe mtungi wa akiba. Mshale ulikuwa chini ya robo. Simu haikuwa na mtandao. Alitoka na pikapu akakuta miti imelala barabarani, akarudi.

Akavaa koti, akachukua sleji, ubao wa kuburuta juu ya theluji aliokuwa akibebea ndama zamani, akakata shamba kwa miguu mpaka kwa jirani yake, Rollie Engebretson. Rollie ni rafiki yake tangu wakiwa wavulana, na kila majira ya baridi huhamia Arizona kuota jua. Nyumba ilikuwa imefungwa. Duane alikwenda moja kwa moja kwenye banda la vifaa, akavunja kioo cha dirisha dogo, akaingiza mkono na kufungua mlango kwa ndani. Akatoka na jenereta, akaivuta kwenye barafu mpaka nyumbani. Mashine ya Bernadine ikanguruma tena kabla mtungi haujakauka.

Kamera iliyo kwenye banda, inayotumia betri, ilimpiga picha: mtu aliyefunika kichwa, dirisha limevunjwa, jenereta inaburutwa. Mtandao uliporudi, picha zilifika kwenye simu ya Curt, mtoto wa Rollie, anayeishi mji mwingine. Curt hakumtambua mtu huyo. Akampigia sherifu.

Askari wa sherifu alifuata alama za sleji mpaka mlangoni kwa Duane.

"Ni wewe uliyevunja?"

"Ni mimi."

"Na jenereta uliichukua wewe?"

"Niliichukua. Ile pale."

Mazungumzo yao yaliishia hapo. Askari hakuuliza kwa nini, wala Duane hakusema. Majuma mawili baadaye likaja shtaka: kuvunja na kuingia katika jengo, daraja la tatu, kosa kubwa la jinai, kifungo hadi miaka mitano. Shule ikamsimamisha kazi mpaka kesi iishe.

Siku walipokutana mara ya kwanza katika ofisi ya Renae, mzee huyo alizungumza kabla hajakaa.

"Nataka kukiri."

"Na wewe pia habari za asubuhi, Bwana Klimek."

"Nilivunja, nikaingia, nikachukua. Kuna nini tena cha kujadili? Wewe una watu wenye shida za kweli. Nenda kawasaidie hao."

"Ulikuwa unawaza nini ulipoingia?"

"Kuwaza kunahusu nini hapa?"

"Ndiyo kesi yenyewe hiyo," Renae alimjibu.

Akamfafanulia. Shtaka lile lina miguu miwili, na jimbo lazima lithibitishe yote. Mguu mmoja ni kwamba aliingia bila ruhusa. Wa pili ni kwamba alipoingia alikuwa na nia ya kuiba. Na kuiba, kwa sheria ya Minnesota, ni kuchukua mali ya mwenzako hali ukijua huna haki nayo. Mguu mmoja ukivunjika, shtaka haliwezi kusimama.

Akamweleza pia atakachopoteza akikiri. Hata jaji asipomfunga, bunduki yake ya kuwindia kulungu itabidi aiache, na basi la shule huenda asiliendeshe tena. Duane alisikiliza yote, kofia mkononi, kwa adabu kabisa.

"Nimekuelewa vizuri," alisema. "Nitakiri."

"Nilimwona ni mtu anayeficha kitu," Renae anasema. "Siyo kitu kibaya. Ila alikuwa amekikalia."

Alhamisi iliyofuata aliendesha gari mpaka shambani kwa akina Klimek. Bernadine alimfungulia mlango mwenyewe, mrija puani, mrija wenyewe mrefu ukimfuata nyuma sakafuni.

"Ingia mama, ingia, usiache joto litoke. Wewe ndiye wakili? Nilitegemea mtu mrefu."

"Wengi hutegemea hivyo."

Kulikuwa na kahawa mezani na keki ya limau iliyokatwa vipande vya mraba. Duane alikuwa ameinamia kikombe chake.

"Amekwambia jenereta ni ya nani?" Bernadine aliuliza.

"Bernie," mumewe alisema.

"Usini-Bernie. Umwambie wewe au nimwambie mimi?" Hakungoja jibu. "Ni yetu, mama. Tuliinunua mwaka mapafu yangu yalipoanza vituko. Rollie alikuja kuiazima ng'ombe wake wakizaa, banda lake limekosa umeme. Akasema wiki moja. Wiki yenyewe sasa ina miaka miwili."

Renae alimgeukia Duane. "Hukuidai?"

"Niliidai." Mzee alizungusha kikombe. "Mara ya kwanza akasema ataileta. Mara ya pili akasema ataileta. Mara ya tatu akaniuliza, jenereta gani? Nikamwonyesha. Akaniambia hii aliinunua mnadani."

"Alikudanganya?"

"Rollie akidanganya masikio yanakuwa mekundu, tangu shule. Siku ile hayakuwa mekundu. Hakuwa anadanganya, mama. Alikuwa hajui."

Bernadine alimwongezea kahawa.

"Nilipokuwa naondoka," Duane aliendelea, "akaniaga kwa jina la kaka yangu. Kaka yangu tulimzika zamani. Jeneza lake tulilibeba mimi na Rollie."

Kisha akasema kile alichokuwa amekikalia. "Tukienda kwenye kesi, utamwita Rollie, au siyo? Utamkalisha pale mbele ya wale wananchi kumi na wawili wanaoamua kesi, nusu yao tunasali nao, umuulize jenereta ya nani. Atajibu kwa uhakika kabisa. Na atakosea. Na kila mtu ataona. Watoto wake wenyewe bado hawajui. Sitamfanyia Rollie hivyo kwa ajili ya mashine ya petroli."

Bernadine alisukuma sahani ya keki mbele ya mgeni. "Unaona mambo ninayoishi nayo?" alisema, lakini sauti yake ilikuwa imelegea.

Renae alichukua kipande ili apate la kufanya. Alipokimaliza, alizungumza kama anavyozungumza na wote.

"Kama ni yako, na uliamini ni yako, basi hukuiba. Sheria yetu inasema hivyo waziwazi. Huo ndio utetezi wa kwanza. Wa pili ni kwamba mkeo alikuwa anaishiwa hewa na hukuwa na njia nyingine."

"Kwa hiyo mimi ni utetezi wa pili," Bernadine alisema.

"Na ni utetezi mzuri sana, mama."

Duane hakucheka. "Kukiri au kutokukiri, ni haki yangu au ni haki yako?"

"Ni yako. Si yangu, wala si ya jaji."

"Basi yamekwisha."

"Hayajaisha. Jaji hapokei neno 'nimekosa' likiwa peke yake. Atakuapisha, atakuuliza ulifanya nini na ulikusudia nini. Mimi siwezi kukwambia useme uongo, wala siwezi kukaa kimya ukiusema."

"Nitajibu ndiyo."

"Kwa kila swali?"

"Kwa kila swali."

"Hata kama jibu si ndiyo?"

Duane alitazama nje ya dirisha, ambako ndege wadogo walikuwa wakigombania mbegu kwenye kibao.

Renae anasema alirudi mjini akiwa na hasira ambayo hakujua aielekeze wapi. "Mikononi nilikuwa na utetezi safi, wa kufundishia darasani. Mwenye utetezi huo alikuwa hautaki, na sababu yake ilikuwa ya heshima kuliko zote nilizowahi kusikia. Siwezi kwenda kwa mwendesha mashtaka kumnong'oneza. Siwezi kumpigia Curt. Alichoniambia mteja kinabaki kwangu."

Angemshinikiza? Anatikisa kichwa. "Nilimwambia maoni yangu, kwamba anakosea. Nilimwambia mara mbili. Mara ya tatu ingekuwa kumtawala."

Siku ya kukiri ilikuwa mwezi Machi. Ukumbi haukuwa na watu wengi. Curt Engebretson alikaa safu ya nyuma, koti hajavua. Bernadine alikaa mbele, mtungi wake mdogo kwenye kigari kando ya miguu.

Kwa kawaida, wakili mwenyewe ndiye humwongoza mteja wake kwa maswali wakati wa kukiri. Renae alimwomba Jaji Ostby aulize mwenyewe. Jaji alimtazama kidogo, akakubali.

"Bwana Klimek, uliingia kwenye banda la Bwana Engebretson?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Alikuwa amekuruhusu?"

"Siku ile, hapana."

"Ulivunja dirisha?"

"Ndiyo. Kioo kilikuwa na ufa tayari, lakini aliyekimalizia ni mimi."

Karani aliinamisha uso. Jaji akaendelea. "Na ulipoingia, ulikusudia kuiba jenereta?"

Kidole cha Duane kilikuwa kikifuata mshono wa kofia, kikifika mwisho kinarudi.

"Umelisikia swali?"

"Nimelisikia."

"Basi jibu."

"Huwezi kuliuliza kwa namna nyingine, Mheshimiwa?"

"Ninaweza. Ulikusudia kuchukua mali ambayo ulijua ni ya mtu mwingine, na kwamba wewe huna haki nayo?"

Mzee alimgeukia wakili wake, kisha mkewe. Bernadine alikuwa anamtazama bila kupepesa.

"Niliapa, au siyo?" Duane aliuliza.

"Uliapa."

"Basi hapana."

"Hapana nini, Bwana Klimek?"

"Hapana, sikukusudia kuiba. Ilikuwa yangu. Naomba nisiulizwe zaidi ya hapo."

Jaji Ostby alivua miwani. Alisema taratibu, bila ukali, kwamba hawezi kupokea kukiri huko. "Umekuja kukiri jambo ambalo unaniambia, chini ya kiapo, kwamba hukulifanya."

"Nilikuwa nimeazimia kabisa, Mheshimiwa."

"Naona hivyo. Kesi itapangiwa tarehe mbele ya wananchi kumi na wawili."

Je, Renae alijua kwamba mteja wake angeshindwa kusema uongo? "Sikujua," anasema. "Nilitumaini. Hayo ni mambo mawili."

Wakatoka. Curt alikuwa amesimama koridoni karibu na mashine ya soda, akiwazibia njia bila kukusudia. Renae alimkumbusha Duane kwamba halazimiki kuzungumza na mtu yeyote. Duane alimwashiria kwamba ameelewa, akabaki amesimama pale pale.

"Ulikuwa na maana gani, ilikuwa yako?" Curt aliuliza.

"Yaache, Curt."

"Nisiyaache! Mimi ndiye niliyempigia sherifu. Nimeona picha, nikadhani ni mwizi. Nilipoambiwa ni wewe, nikadhani nimekosea kukujua maisha yangu yote. Sasa unasimama mbele ya jaji unasema ilikuwa yako. Kwa nini hukunipigia mimi?"

"Ningekupigia, ungemuuliza baba yako."

"Ndiyo, ningemuuliza."

"Basi, ndiyo hivyo."

Curt alikaa kwenye benchi, polepole, kama mtu aliyekuwa akingoja ruhusa ya kukaa.

"Alinipigia simu Jumapili," alisema. "Akaniuliza mama ameenda wapi, mbona anachelewa na chakula." Akajifuta uso kwa kofia. "Mama ana miaka sita kaburini, Duane. Nilimwambia ameenda dukani. Sijui kwa nini nilimwambia ameenda dukani."

Duane alikaa karibu yake. Bernadine alivuta kigari chake, akajisogeza upande wa pili wa Curt.

"Ulimjibu vizuri," alimwambia. "Na mimi ningesema dukani."

Wiki hiyo hiyo Curt alikwenda mwenyewe kwa mwendesha mashtaka wa kaunti. Kwenye simu yake alikuwa amepata picha ya zamani aliyotumiwa na baba yake, ndama mchanga amesimama kwenye majani, na nyuma yake ile jenereta. Chini baba yake alikuwa ameandika kwamba Duane kaokoa msimu kwa jenereta yake.

Shtaka la kosa kubwa likafutwa.

Mwendesha mashtaka, ambaye hakutaka jina lake litumike, anasema hajutii kufungua kesi. "Kilichofika mezani kwangu kilikuwa video na maneno ya mtuhumiwa mwenyewe kwamba ni yeye. Nikipata ukweli mwingine, naufuata. Nimeufuata."

Lilibaki kosa dogo: kuingia kwenye eneo la mtu bila ruhusa. Renae alitaka kulipinga nalo. Mtu anayemwokoa mkewe kukosa pumzi, aliamini, hana kosa hata la kuvunja kioo. Duane alikataa.

"Hilo nililifanya," alimwambia. "Hilo nitalikiri bila kigugumizi."

Akalikiri, akalipa faini, na kioo akakiweka yeye mwenyewe. Shule ikamrudishia basi.

"Mpaka leo naamini tungeshinda hata hilo," Renae anasema, na hapo ndipo sauti yake inapopanda kidogo kwa mara ya kwanza asubuhi nzima. "Nililala nalo siku kadhaa. Lakini halikuwa langu. Yeye ndiye atakayekaa na jina lake, siyo mimi."

Rollie hakurudi tena kuishi peke yake. Anakaa kwa Curt, na Jumatano Duane humfuata na pikapu wakanywe kahawa mjini. Kuna siku Rollie humwita kwa jina lake, na kuna siku humwita kwa la kaka yake. Duane huitikia yote mawili.

Mchana umefika. Renae anakula mkate wa mayai amesimama, mgongo kwenye rejeta ya kupasha chumba joto. Kabla hajamaliza, mlinzi wa jela ya kaunti anachungulia.

"Wakili, kuna wawili chini wanakuulizia. Umetuletea keki leo au umekuja na mdomo tu?"

"Mdomo tu. Wewe unene umekutosha."

Mlinzi anaondoka akicheka. Renae anafuta mikono na kuchukua mafaili mengine mawili. Mmoja wa wanaomngoja ameshtakiwa kwa gari la wizi aliloazimwa na binamu. Mwingine hajui ameshtakiwa kwa nini. Kwa kila mmoja ana dakika kumi, pengine kumi na tano, kabla jaji hajarudi kwenye kiti.

Dakika hizo ndizo anazotaka kuzibadilisha. Mwezi uliopita mwanasheria kijana kutoka St. Paul, Pa Houa Vang, aliomba ile nafasi ya pili. Renae alimpokea kwa wasiwasi, maana waombaji wawili waliotangulia waliona theluji wakageuza magari. Huyu aliuliza maswali mawili: kama kuna nyumba ya kupanga yenye nafasi ya mama yake, na kama kuna mahali pa kulima mboga. Gaylen aliwapeleka kuona nyumba tatu. Mama wa kijana huyo alipiga teke udongo wa ile ya tatu, akasema unafaa. Wanahamia Agosti.

Mipango ya Renae imeanza. Watagawana kaunti na watapokezana jela. Na jambo moja amekwisha kulizungumza na Jaji Ostby, ambaye amesema watajaribu kwa miezi sita: kila mshtakiwa apate kukaa na wakili wake kwa saa nzima kabla ya kuitwa mara ya kwanza.

"Saa nzima," Renae anasema, akishuka ngazi kuelekea jela, mkono kwenye chuma cha kushikia. "Mlango umefungwa, hakuna anayechungulia. Unajua mtu anaweza kukwambia nini kwa saa nzima, kama hakuna anayemharakisha?"